Moto mdogo, tundu wazi: tabaini ya mvuke ya kutengeneza shuleni

Hotuba kwa walimu wa fizikia na wanafunzi wa klabu za sayansi za sekondari, Dodoma

Walimu wetu, wazazi mliojitokeza, na ninyi wanafunzi mliokaa huku mbele: mbukwenyi!

Tumeombwa kuzungumzia tabaini ya mvuke, yaani gurudumu lenye mapanga linalozungushwa na mvuke, ambayo wanafunzi wanaweza kuitengeneza wenyewe kwa ajili ya mradi wa sayansi. Historia tutaigusa kidogo. Muda mwingi tutautumia kwenye bati, mabomba na vipimo, kwa sababu mradi huu haukwami kwenye nadharia. Hukwama kwenye mfuniko unaovuja na gurudumu linalogoma likishapata joto.

Umeme unaowasha taa za ukumbi huu umepita kwenye tabaini. Pale Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa, kuna mashine mbili za megawati 40 kila moja zinazosukumwa na maji ya Ruaha Mkuu. Kinyerezi II, Dar es Salaam, gesi asilia inazungusha tabaini za kwanza, kisha joto la moshi wake linachemsha maji, na mvuke unaopatikana unazungusha tabaini nyingine. Viwanda vya sukari navyo huchoma makapi ya miwa kupata mvuke wa kuzungushia mitambo. Iwe maji, iwe gesi, iwe mvuke, kitu chenye mwendo kinapiga mapanga na mapanga yanageuza shafti, yaani mhimili wa gurudumu.

Sasa tuseme mapema kile ambacho hatutaki mkifanye. Mradi huu unazunguka mashuleni kwa sura hii: kopo la soda linatobolewa tundu moja la pini, linatiwa maji, linabandikwa kwenye jiko la mkaa, na mbele ya tundu kinawekwa kipande cha bati kilichokatwa kama feni. Linazunguka, hatukatai. Lakini hakuna anayejua ndani kuna presha kiasi gani, na siku tundu hilo likizibwa na chembe ya chumvi mvuke hauna mlango mwingine. Mkaa nao hauzimiki papo hapo. Jiko la mkaa linaweza kuingiza kwenye maji wati 1,000, na tundu la pini halina uwezo wa kupitisha mvuke wa moto wa namna hiyo bila presha kupanda sana. Chukueni kopo la maziwa ya unga: mfuniko wake una kipenyo cha sentimita 9 hivi, yaani eneo la sentimita za mraba 64. Presha ya ndani ikizidi ya nje kwa kilopaskali 100 tu, mfuniko unasukumwa kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 65. Huyo ni mtu mzima anayerushwa juu pamoja na maji ya moto. Sufuria ya presha ya nyumbani isiguswe kabisa. Anayeitoboa ameharibu chombo kilichopimwa kiwandani na kubaki na kisichopimwa na mtu yeyote.

Kwa hiyo muundo tunaoupendekeza una mambo matatu yasiyobadilishwa: moto ni wa spiriti peke yake, noseli (tundu jembamba la kutokea mvuke) haina koki, na boila (kopo la kuchemshia maji) lina bomba la pili lililo wazi wakati wote.

Bomba hilo la pili ndilo roho ya mradi, tukae nalo kidogo. Linapita kwenye mfuniko na kushuka ndani ya maji mpaka ncha yake ibaki sentimita 1.5 juu ya kitako cha kopo. Juu ya mfuniko linaendelea wima kwa sentimita 70, na kileleni liko wazi. Mvuke ukikusanyika unasukuma uso wa maji, na maji yanapanda kwenye bomba. Kila sentimita 10 za kimo ni takribani kilopaskali 1. Maji yakifika kileleni yanamwagika, na presha haiwezi kupita kilopaskali 7 hivi hata noseli ikizibwa kabisa. Kwa presha hiyo mfuniko unasukumwa kwa uzito wa kilo nne na nusu, ambao unahimilika. Maboila ya presha ndogo ya zama za James Watt yalikuwa na bomba la wima la aina hii. Lina faida nyingine mbili. La kwanza, ni kipimo cha presha ambacho hamkununua. La pili, maji yakipungua mpaka chini ya ncha ya bomba, mvuke unatoroka kupitia humo, gurudumu linasimama lenyewe, na mnajua ni wakati wa kuzima kabla kopo halijakauka.

Vifaa. Kopo la maziwa ya unga la gramu 400 lenye mfuniko wa chuma wa kubonyeza. Wa plastiki haufai. Kopo la pili kwa ajili ya gurudumu. Bomba la shaba la friji la milimita 6, sentimita 35 zinatosha. Mafundi friji wanauza vipande. Mrija wa glasi wa maabara wa milimita 6, urefu wa sentimita 65, na kipande cha mpira wa maabara cha kuuunganisha na shaba. Spoku moja ya baiskeli. Bolti moja ya milimita 6 yenye nati mbili. Bati nene la milimita 2, ubao wa sentimita 30 kwa 20, na taa mbili za spiriti. Silikoni nyekundu ya kuzibia gasketi za magari inapatikana kwenye maduka ya vipuri. Inavumilia joto, ila ipewe saa 24 kukauka. Gundi ya fimbo inayoyeyushwa kwa bunduki msiitumie popote karibu na mvuke, kwani inalainika na gurudumu linachomoka.

Mfuniko mpelekeeni fundi bati, yule anayetengeneza vibatari na madumu. Mwambieni atoboe matundu mawili ya milimita 6, yaachane sentimita 4, apitishe vipande vya shaba na kuvilehemu kwa risasi pande zote mbili. Pasi ndogo ya fundi redio haina joto la kutosha kwa bomba la shaba. Risasi inashika juujuu, na mvuke utaipenya. Kipande cha kwanza, cha bomba la usalama, kifike sentimita 1.5 kutoka kitako cha kopo na juu kitokeze sentimita 5, ndipo mrija wa glasi uungwe. Kipande cha pili ni cha mvuke: chini kiishie sentimita 1 tu chini ya mfuniko, juu kiinuke sentimita 6 kisha kikunjwe kuelekea kwenye gurudumu. Kabla ya kukikunja kijazeni mchanga mkavu, la sivyo shaba itajikunja kama mrija wa soda na kuziba. Kuanzia kopo hadi noseli bomba lisiwe na bonde lolote, maana maji ya mvuke unaopoa humo yatakaa kwenye bonde na kurushwa kwenye mapanga kwa vishindo.

Noseli ni ncha ya bomba hilo iliyozibwa kwa risasi na kutobolewa kwa biti ya milimita 1.2. Hapa ndipo watu wanapopuuza, na hapa ndipo mradi unapofaulu au kufeli. Taa mbili za spiriti, baada ya hasara zote, zinaingiza kwenye maji kama wati 100. Gramu moja ya maji yanayochemka inahitaji jouli 2,260 kuwa mvuke, hivyo mnapata gramu 0.044 kwa sekunde. Kwa presha ya hewa ya Dodoma, gramu moja ya maji inakuwa karibu lita 1.9 za mvuke. Gawanyeni ujazo huo kwa eneo la tundu na mtapata mwendo wa mita 75 kwa sekunde au zaidi kidogo, na maji kwenye mrija yatasimama kati ya sentimita 15 na 30. Tundu la milimita 2 linashusha mwendo hadi mita 27, na gurudumu litatikisika tu. Tundu la milimita 1 linaweza kupandisha maji hadi karibu na kileleni. Moto na tundu vinapangwa kwa pamoja. Ukibadilisha kimoja piga hesabu upya.

Gurudumu: kateni duara la kipenyo cha sentimita 8 kutoka kwenye bati la kopo la pili. Chora duara dogo la sentimita 3 katikati, hilo halikatwi. Gawanyeni ukingo sehemu 16, kateni kwa mkasi wa bati hadi kwenye duara dogo, kisha kila panga lipindeni kwa nyuzi 30 hadi 35 na kulizungushia penseli ili lipate mbonyeo. Panga bapa linapigwa na mvuke na kuuacha upite pembeni. Lenye mbonyeo linaupokea na kuugeuza, na katika kuugeuza huko ndiko linakopata msukumo. Pitisheni msasa kwenye kingo zote, bati la kopo linakata kama wembe.

Spoku ikateni sentimita 9, chongeni ncha zote mbili kwa tupa ziwe kali, na igandisheni katikati ya duara kwa risasi. Ncha moja inakaa kwenye kishimo kilichopigwa kwa senta panchi kwenye bati nene. Nyingine inakaa kwenye kishimo kilichopigwa kwenye kichwa cha bolti, ili mweze kurekebisha nafasi kwa kuzungusha bolti na kuifunga kwa nati. Iachieni shafti nafasi ndogo ya kucheza, sawa na unene wa karatasi nne za daftari. Wengi wanabana shafti mpaka haitikisiki kwa sababu inaonekana nadhifu. Inazunguka vizuri ikiwa baridi, kisha chuma kikipata joto kinarefuka kidogo na gurudumu linagoma mbele ya majaji. Tone moja la mafuta ya cherehani kila upande linatosha. Kabla ya kufunga, lazeni shafti juu ya rula mbili za chuma zilizosawazishwa na liacheni gurudumu litulie. Upande unaoshuka kila mara ni mzito. Punguzeni kwa tupa mpaka lisimame popote.

Noseli iangalie theluthi ya nje ya mapanga, kwa nyuzi 20 hadi 25 kutoka kwenye bapa la gurudumu, ikiwa mbali kwa milimita 5. Ikielekezwa moja kwa moja kwenye uso wa gurudumu, sehemu kubwa ya nguvu inaishia kusukuma shafti kwenye kishimo chake. Kuhusu umbali, tazameni vizuri mbele ya noseli: kuna sehemu fupi ambayo haionekani kitu, kisha wingu jeupe linaanza. Ile isiyoonekana ndiyo mvuke wenyewe. Wingu ni vitone vya maji vilivyokwisha kupoa na kupunguza mwendo, na gurudumu likiwekwa humo linalowa tu.

Kuwasha. Tieni mililita 250 za maji, ambazo kwenye kopo hilo ni kina cha sentimita 3 na kidogo. Maji ya visima vya Dodoma yana chumvi nyingi; yanaacha ukoko mweupe ambao ndio huziba noseli. Tumieni maji ya mvua au maji ya betri. Tunaposema maji ya betri tunamaanisha yale ya kuongezea, yaliyoondolewa chumvi; asidi ya betri ni kitu kingine na ni hatari, someni chupa. Mkianza na maji baridi ya nyuzi 25, yatachukua dakika 12 hivi kuchemka. Yakitoka kwenye chupa ya chai yakiwa nyuzi 80, dakika tatu. Pakeni silikoni kwenye ukingo wa mfuniko siku moja kabla, bonyezeni, na maji ingizeni kwa bomba la sindano kupitia bomba la usalama kabla ya kuunga mrija wa glasi.

Mtu mwenye kipimajoto atashangaa: maji yatachemka kwenye nyuzi 96, hayafiki 100. Kipimajoto ni kizima. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Tanga, na kiwango cha kuchemka kinashuka takribani nyuzi moja kwa kila mita 300. Iandikeni kwenye ripoti, kwa sababu mwanafunzi anayeandika 100 huku kipimajoto kinasoma 96 amenakili kitabu.

Upepo wa hapa mnaufahamu. Wekeni kinga ya bati pande tatu, yenye matundu chini ya kuingiza hewa. Juani mwali wa spiriti hauonekani, kwa hiyo taa haiongezwi spiriti mpaka imezimwa, imefunikwa na imepoa. Petroli isitumike kwa sababu yoyote, na mafuta ya taa yanajaza masizi. Mwalimu awepo, watazamaji wakae umbali wa mita 1.5, na kileleni mwa mrija funikeni kikopo kidogo kilichotobolewa matundu, ili maji yakimwagika yasimrukie mtu. Mvuke ukimchoma mtu, eneo liwekwe chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno na asali ziacheni.

Dakika za kwanza noseli itatema maji. Bomba bado ni baridi na linageuza mvuke kuwa matone. Acheni iteme, gurudumu liwe pembeni, kisha lisogezeni. Kuanzia hapo mrija wa glasi ndio utakaowasimulia kinachoendelea. Kimo kiko chini na gurudumu ni legevu: kuna sehemu inavuja, au tundu ni pana. Pakeni maji ya sabuni kwenye maungio mtaona mapovu. Kimo kiko juu na gurudumu ni legevu: noseli imeanza kuziba, zimeni moto, subirini kimo kishuke hadi sifuri, ndipo mzibue kwa waya. Kimo kinarukaruka: maji ni mengi mno au bomba lina bonde. Kimo kimetulia na ni kizuri lakini gurudumu halitembei: tatizo liko kwenye shafti au pembe ya noseli, msihangaike na moto.

Sasa vipimo, maana kitu kinachozunguka bila namba hakitofautiani na tiara ya karatasi. Pakeni panga moja rangi na mrekodi kwa simu inayochukua picha 240 kwa sekunde. Rangi ikirudi mahali pake kila baada ya picha 8, gurudumu linazunguka mara 30 kwa sekunde, yaani 1,800 kwa dakika. Kupima nguvu, fungeni uzi kwenye shafti na unyanyue mzigo: gramu 5 zikipanda mita 1 kwa sekunde 10 ni wati 0.005. Namba hiyo isiwavunje moyo. Katika wati 100 zilizoingia kwenye maji, mwendo wa mvuke unabeba kama wati 0.12 tu, na iliyobaki inaondoka na joto la mvuke wenyewe. Mkiunga mota ndogo iliyotolewa kwenye mashine ya DVD, multimita itaonyesha volti kidogo. Msiwaahidi wageni kuwa taa itawaka.

Kuna jaribio moja tunalipenda kuliko yote. Washeni taa moja, pimeni kimo. Washeni ya pili, pimeni tena. Nadharia inasema mvuke ukiwa maradufu, presha inakuwa mara nne. Mtapata zaidi ya mara nne, na wengi hudhani wamekosea. Hawajakosea. Kopo lenyewe linapoteza kama wati 30 kwa hewa, na hasara hiyo ni ileile iwe taa moja au mbili, kwa hiyo taa ya pili inaingia karibu yote kwenye mvuke. Pimeni uzito wa maji yaliyopungua kila baada ya dakika 10 na mtaona hesabu inakaa sawa. Kisha vikeni kopo blanketi la pamba na kitambaa juu ya usawa wa mwali, mrudie.

Swali ambalo jaji mzuri atauliza ni kwa nini gurudumu linachukua sehemu ndogo hivyo ya nguvu ya mvuke. Gurudumu la aina hii linachukua nguvu nyingi zaidi mapanga yakienda nusu ya mwendo wa mvuke. Nusu ya mita 75 kwa sekunde, kwa gurudumu la sentimita 8, ni karibu mizunguko 9,000 kwa dakika. Lenu likifika 2,000 mmefanya vizuri. Kikwazo hiki ndicho kilichowasumbua wakubwa: Gustaf de Laval wa Sweden aliukubali mwendo huo na tabaini zake ndogo zikafika mizunguko 30,000 kwa dakika, zikihitaji gia za kuupunguza. Charles Parsons wa Uingereza, mwaka 1884, alipitisha mvuke kwenye safu nyingi za mapanga, kila safu ikichukua sehemu ndogo ya presha; mashine yake ya kwanza ilitoa kilowati 7.5 kwa mizunguko 18,000. Tabaini kubwa za mvuke za leo zinafuata njia ya kugawa kazi kwa safu. Kwa mradi wa mwaka ujao, jaribuni gurudumu la pili nyuma ya la kwanza, likiwa na mapanga yasiyozunguka katikati ya kugeuza mvuke urudi kwenye mwelekeo.

Badilisheni kitu kimoja kwa wakati: pembe, au umbali, au idadi ya mapanga. Kila kipimo mara tatu, na yale yaliyokataa pia yaandikwe.

Baada ya kila jaribio mwageni maji kopo likiwa vuguvugu na lianikeni wazi juani, kwani kopo la maziwa linashika kutu upesi kwenye mshono wa chini. Ukoko ukionekana, chemsheni maji yenye ndimu kwa dakika kumi, noseli ikiwa imezibuliwa. Madoa ya kutu yakianza ndani, kopo litupwe. Mfuniko wenye mabomba utabaki, na utaingia kwenye kopo jingine la kampuni na ukubwa uleule.